Congo inagawanyika kweli? Nina deni la mchele Lubumbashi na roho haitulii

MamaMpunga_Mwanjelwa:
Habari zenu wakuu, ndaga. Naomba wanaoijua Congo wanisaidie, maana hapa Mwanjelwa wiki hii hakuna stori nyingine. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya wasapu, mchungaji mmoja anasema ameoneshwa Congo inakatwa vipande vitatu kabla mwaka haujaisha, halafu chini wamebandika ramani imepakwa rangi, mashariki nyekundu, Katanga (upande wa Lubumbashi) kijani, Kinshasa imebaki peke yake huko magharibi. Mi siyo mtu wa kuhangaishwa na unabii wa kwenye simu ila hii imenigusa kwa sababu mwaka wa sita huu napeleka mchele Lubumbashi, nanunua kwa wakulima Mbarali, nakoboa, napakia, unapita Tunduma, na mteja wangu kule namwachia mzigo analipa akishauza. Sasa hivi nina tani 12 mikononi mwake hajalipa. Mdogo wangu naye ni dereva wa semi, anaenda mpaka Kolwezi kufuata kopa, yaani shaba, mkewe ana mimba ya miezi 7 na kila akiiona ile klipu analia.

Juzi nikampigia yule mama wa Lubumbashi nikamuuliza mbona mnasemwa hivi, akanijibu kwa Kiswahili chao, "Huku tuko muzuri mama, batu ba Goma njo beko na mateso." Akanyamaza, nikasikia mtoto nyuma yake anaomba hela ya mkate, kisha akaniulizia mzigo mwingine lini. Ndo hapo nimekwama, nimpe au nisubiri? Na hii nchi kweli inavunjika au tunatishwa tu?

SemiYaTunduma:
Pole dada. Mi niko kwenye hiyo njia miaka 11, Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri, Chingola, mpaka boda ya Zambia na Congo pale Kasumbalesa, naijua kama kwetu. Watu wakisikia Congo kuna vita wanadhani risasi zinapita juu ya magari yetu. Goma kwenye vita, huko mashariki, na Lubumbashi hata ukipima kwa rula kwenye ramani ni zaidi ya kilometa 1,000, barabara yenyewe ndo usiseme. Kinachotuua sisi ni boda kufungwa. Mwezi wa nane 2024 Zambia walifunga Kasumbalesa siku kadhaa kwa ugomvi wa soda na bia tu, Congo wamezuia zisiingie, madereva wa kule wakaandamana, basi magari yakalala barabarani. Sasa wewe una mchele, siyo kopa, mchele ukilala nje na turubai bovu mvua inanyesha umekwisha. Hilo ndo la kuogopa kuliko ramani. Mdogo wako mwambie asitembee usiku baada ya Kasumbalesa, mkewe amtoe hofu.

MwlMstaafu_Njombe:
Kamwene wote. Nimefundisha historia sekondari maisha yangu yote, na hili la Congo huwa linaniuma kwa sababu wanafunzi wangu wengi walikuwa wanaijua Congo kwa muziki na vita tu.

Mama, huo unabii ni wa zamani kuliko hiyo biashara yako. Congo ilipata uhuru tarehe 30/6/1960, siku 11 tu baadaye mwanasiasa wa kule, Moïse Tshombe, akatangaza Katanga ni nchi. Siyo maneno matupu, ilikuwa na bendera, noti zake, jeshi lenye maofisa wa Kibelgiji na hela ya madini kutoka kampuni ya Wabelgiji, Union Minière. Mwezi wa nane Kasai Kusini nayo ikajitangaza. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, akapelekwa hukohuko Katanga akauawa tarehe 17/1/1961. Mtu yeyote mwenye akili timamu mwaka ule angesema Congo imekwisha. Lakini hakuna serikali hata moja iliyoitambua Katanga rasmi, majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia, na Januari 1963 Tshombe akasalimu amri.

Haikuishia hapo. Kati ya 1998 na 2003 nchi ilikatika kweli, siyo kwenye klipu. Waasi wa RCD wanatawala kutoka Goma, Bemba na waasi wake wa MLC kaskazini, Rais Kabila Kinshasa. Halafu 2003 wakarudi kwenye serikali moja, rais mmoja makamu wanne, Bemba mwenyewe akiwa mmoja wao. Yaani hicho anachooneshwa huyo mchungaji kilishatokea na kikapita, ila waliokufa hawakurudi, na hilo ndo linanikera, tunajadili mstari wa ramani tunasahau watu.

Na jambo moja, hiyo Katanga ya kijani kwenye ramani yao haipo. Tangu 2015 mkoa ule uligawanywa minne, Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami. Aliyechora hajui hata anachora nini.

KijanaWaUyole:
Mwalimu shikamoo, nakuheshimu ila hapa nakupinga kwa nia njema. Unasema haikuvunjika 1960 wala 1998 kwahiyo haitavunjika, lakini nyumba ya tope inaweza kuhimili masika kumi ikaanguka ya kumi na moja. Sudan walisema haiwezekani, 9/7/2011 Sudan Kusini ikawa nchi. Sovieti Machi 1991 walipiga kura, asilimia kama 76 wakataka muungano ubaki, Desemba mwaka huohuo haipo. Na kuna Mrusi anaitwa Andrei Amalrik, aliandika 1969 kwamba dola lile halifiki mbali, akataja 1984, nani alimsikiliza? Sasa angalia, waasi wa M23 walichukua Goma mwezi wa kwanza 2025, mwezi wa pili Bukavu, wakaweka viongozi wao, wanakusanya ushuru. Ukikusanya ushuru wewe ni nani kama siyo serikali? Hata Nyerere mwenyewe aliitambua Biafra, ile ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria, 1968, kwahiyo mipaka siyo msahafu.

MwlMstaafu_Njombe:
Marahaba kijana, na umenibana vizuri. Sijasema haiwezekani. Ila angalia zile zilizovunjika zilivunjikaje. Sovieti ilikuwa jamhuri 15, kila moja na bunge na mpaka wake tayari, na hiyo kura ya Machi jamhuri 6 ziliisusia, kwahiyo ufa ulikuwa unaonekana. Sudan Kusini ilipewa haki ya kupiga kura na makubaliano ya 2005 ambayo Khartoum yenyewe ilisaini. Eritrea ilikuwa na mpaka wake tangu Waitaliano. Kivu, huko Goma na Bukavu, haina hata kimoja katika hivyo, na M23 wenyewe hawajatangaza nchi, Corneille Nangaa anayeongoza muungano wao alishasema wanataka kwenda Kinshasa. Anayetaka Kinshasa anataka nyumba nzima. Huyo Amalrik naye alipatia kwamba itaanguka, ila alisema itaangushwa na vita na China, na vita hiyo haikuja. Mama wa mchele angepangaje biashara kwa utabiri wa namna hiyo?

Kuhusu Nyerere, ndiyo, kwenye mkutano wa nchi za Afrika Cairo 1964 ni yeye aliyesimamia tuheshimu mipaka tuliyoikuta, na miaka minne baadaye akaitambua Biafra. Hakubadilika kichwa. Aliona Waigbo wameuawa kwa maelfu akasema watu ambao dola yao haiwapi usalama huwezi kuwalazimisha waiite yao. Hapo ndo mimi naiogopa Congo. Siku mtu wa Goma atakapoacha kujiita Mkongomani, hapo nitaamini. Ila mpaka leo wakimbizi niliowahi kuongea nao, wote, ukiwauliza kwao wapi wanasema Congo kabla ya kutaja kijiji.

BintiWaTukuyu:
Naongezea kidogo. Marehemu babu yangu alikuwa migodini Kitwe, Zambia, alitusimulia Julai 1960 magari ya Wabelgiji kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, yakivuka mpaka mchana na usiku, magodoro juu, watoto wanachungulia madirishani, na Waafrika wa mgodini wakasema basi, ile nchi imekufa. Babu akasema baada ya wiki chache soko la kule lilikuwa linauza tena kama kawaida. Mama Mpunga, wanawake wanaouza chakula huwa ndo wa mwisho kufunga. Huyo mteja wako ameulizia mzigo, hajaulizia namna ya kukukimbia.

MamaMpunga_Mwanjelwa:
Ndaga fijo wote, mwalimu Mungu akupe maisha marefu. Nimeongea naye tena asubuhi. Tumekubaliana alipe nusu ya zile tani 12 kwanza, ikiingia napakia tani 5, sipakii 12 tena kwa mkopo mpaka nione boda imetulia miezi kadhaa. Hakukasirika, akasema hata yeye kule hawakopeshi wa kutoka mbali siku hizi. Turubai nimenunua jipya leo Sido. Wifi nimemsomea maneno ya SemiYaTunduma neno kwa neno, ameifuta ile klipu. Mdogo wangu kapiga saa tisa, yuko Serenje anakula nshima, anasema kesho anaingia foleni.