Developa kaniharibia gemu yangu, CHAKACHA HAIENDI KWA NNE!!

Wadau salaam, naandika nikiwa na hasira, mkiona herufi zimerukana nisameheni.

Nina gemu yangu ya simu, kijana anakimbia kwa upande kutoka Langoni mpaka Mkunguni huko Amu, anaruka punda, anaruka daka za watu (vile vibaraza vya mlangoni), anapanda juu ya wikio (chumba kinachovuka juu ya kichochoro), na kila kuruka lazima kuangukie kwenye pigo la ngoma, ukikosa umeingia mtaroni unaanza upya. Ngoma yenyewe chakacha, ile ya pwani ya kutikisa kiuno. Vumi (ngoma kubwa ya mlio mzito) na chapuo (ngoma ndogo ya mlio mwembamba) nimerikodi mwenyewe usiku, tukingoja punda wa jirani anyamaze kwanza. Dizaini yote ni yangu, iko kwenye daftari la miraba, kuprogramu ndio nikampa jamaa mmoja wa bara, na nusu ya pesa nishamtumia.

Jana kaniletea. Loo!

Sikizeni. Vumi yalia mara 120 kwa dakika, yaani nusu sekunde baina ya pigo na pigo, na hiyo nusu sekunde chapuo inaikata TATU. Ndio utamu wa chakacha huo, bila hiyo kiuno hakiinuki. Huyu bwana kachukua gridi yake ya nne (mistari inayokata kila pigo sehemu nne sawa) aliyoizoea kwa miziki ya klabu akaibandika juu ya ngoma yangu. Chapuo ya tatu inalia milisekunde 333 baada ya vumi, yeye pa kurukia kapasogeza 375 kwa sababu ndipo mstari wake ulipo, halafu kaweka ruhusa ya kukosea milisekunde 40 tu kila upande. Pigeni hesabu wenyewe. Anayeruka sawasawa na ngoma ndiye anayeanguka!!

Nilimpa simu mtoto wa kaka yangu, ana miaka 11 na chapuo anaipiga kuliko mimi. Kaanguka pale pale kwenye ukingo wa wikio mara saba. Akaiweka simu mkekani, akaanza kujipigia paja kwa vidole, ta-ka-ta, ta-ka-ta, kisha akaniambia "Ami, mimi sikukosa, hii gemu ndiyo haisikii."

Nikampigia jamaa nikamwambia kwa upole (wakati huo upole ulikuwepo), ndugu yangu, mkimbiaji umempa vigae (miraba ya njia anayopita) 8 kwa sekunde ndio maana kila pigo linakula vigae vinne, mpunguze awe 6, pigo litakula vitatu, kila mlio wa chapuo utaangukia kigae chake. Mnajua kanijibu nini? Ati nirikodi upya, mpigaji ANYOOSHE ngoma! Ngoma ya watu wazima inyooshwe ili gridi yake isisumbuke!

Na kuna mengine. Saa ya gemu anaipata kwa kujumlisha fremu (picha zinazopita kwenye skrini) badala ya kuuliza sauti imefika wapi, kwa hivyo simu ya bei rahisi ikikwama kidogo tu punda na vumi washaachana. Mwenye earphone za bluetooth sauti inaweza kumchelewea hata milisekunde 200 na hakuna pa kurekebisha. Hayo nilikuwa tayari kuyavumilia.

Sasa anataka nusu iliyobaki ndio anipe faili. Nimpe, wadau, ama nianze upya? Na kama kuna mtu Amu au Malindi anajua kuprogramu na chakacha ashawahi kuicheza hata kidogo, aje inboksi, daftari ninalo.