Gumzo la Familia: Soseji na Viazi katika Trei Moja

Neema: Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mjomba, na ninyi wengine hamjambo. Naomba mnisaidie kabla sijawasha oveni. Leo nataka kupika soseji na viazi katika trei moja, maana nimerudi nimechoka na sitaki kuosha masufuria usiku. Mara ya mwisho nilipojaribu, soseji zilikauka na kupasuka, ilhali viazi vilikuwa bado vigumu katikati, na watoto wakavisukumia pembeni mwa sahani. Nina soseji nane mbichi za nyama ya ng'ombe, viazi kilo moja na nusu, vitunguu maji viwili, pilipili hoho moja na karoti mbili. Sasa ni saa 11:50 jioni, na ningependa tukae mezani saa 1:30 usiku.

Mama Mkubwa: Marahaba, mwanangu, na pole na kazi. Nieleze kwanza mara ile ulivipanga vipi. Je, soseji na viazi viliingia ndani kwa wakati mmoja?

Neema: Ndiyo, Mama Mkubwa. Nilivichanganya vyote na mafuta, nikavimwaga kwenye trei, nikafunga mlango wa oveni.

Mama Mkubwa: Basi tatizo ni hilo, wala si oveni yako. Soseji mbichi ya unene wa kawaida huiva kwa takriban dakika 30 katika nyuzi 200 za Selsiasi, lakini kipande cha kiazi chenye upana wa sentimita 3 huhitaji dakika 40 hadi 50 ndipo kilainike ndani na kukauka nje. Ukivitia pamoja, ama utavitoa viazi vikiwa vigumu, ama utasubiri viazi huku soseji zikipoteza mafuta na majimaji yake yote. Katika chakula hiki anayeshika saa ni kiazi. Soseji hufuata baadaye, viazi vikiwa vimeshatangulia kwa dakika 20.

Baraka: Shikamoo Mama Mkubwa. Kwa heshima, mimi ningemshauri dada avichemshe viazi kwanza kwa dakika saba kwenye maji yenye chumvi, ayamwage maji, aviache vitoe mvuke, kisha aitikise sufuria mpaka kingo za viazi zichakae. Zile kingo zilizochakaa hunyonya mafuta na kuwa kavu kabisa zikiokwa. Nimefanya hivyo mara nyingi na sijawahi kujuta.

Mama Mkubwa: Marahaba, Baraka. Usemalo ni kweli, na siku ya wageni mimi mwenyewe hufanya hivyo. Lakini dada yako ameomba chakula cha trei moja, nawe umemwongezea sufuria, chujio na dakika za kusubiri maji yachemke. Kwa mtu aliyechoka, kukata viazi vidogo na kuvitanguliza kunatosha.

Neema: Nitafuata njia ya kuvitanguliza. Je, nivimenye?

Mama Mkubwa: Si lazima ikiwa ganda ni jembamba na safi. Visugue kwa maji, kisha uvikate vipande vinavyolingana, kama sentimita 2 na nusu kila upande. Kulingana kwa vipande kuna maana kubwa kuliko umbo lake, kwa sababu kipande kikubwa kimoja kitawachelewesha wote au kitafika mezani kibichi. Baada ya kuvikata, vioshe tena ili wanga ulio juu utoke, halafu uvikaushe kwa kitambaa safi. Tafadhali usiruke hatua ya kukausha.

Mjomba: Marahaba, Neema. Naomba niongeze sababu, kwa maana mtu akiijua sababu hasahau hatua. Maji hayapandi kupita nyuzi 100 bila kugeuka mvuke, ilhali ile rangi ya kahawia na harufu tunayoipenda kwenye viazi na nyama huanza kutokea vizuri karibu na nyuzi 140. Maana yake ni kwamba kiazi chenye unyevu juu yake hakiwezi kupata rangi hata kikae ndani muda gani, mpaka maji hayo yaishe. Kwa sababu hiyohiyo, vipande visibanane. Vikibanana, mvuke wa kimoja hukilowesha cha jirani, na mwisho wake umepika viazi vya mvuke ndani ya oveni. Trei yako ina ukubwa gani?

Neema: Nimeipima sasa hivi. Ni sentimita 30 kwa 40.

Mjomba: Basi weka kilo moja tu, na ile nusu ibaki kwa siku nyingine. Viazi vilale tabaka moja, na kati yao pabaki nafasi ya soseji nane zitakazokuja baadaye. Ukiona kipande kimepanda juu ya kingine, ujue umezidisha.

Neema: Nimepata viazi viwili vyenye rangi ya kijani upande mmoja. Nikate sehemu hiyo au nivitupe?

Mama Mkubwa: Kama kijani ni doa dogo, kata kwa kina na umenye kiazi chote. Kama kimeenea, au kiazi ni kichungu, kitupe. Kijani hicho hutokea kiazi kikipigwa na mwanga, nacho ni dalili kwamba huenda sumu ya asili iitwayo solanini imeongezeka, na kupika hakuiondoi. Watoto wana miili midogo, kwa hiyo hapo mimi sibahatishi.

Neema: Nimevitupa vyote viwili. Vilivyobaki nimeshavikata na kuvikausha. Oveni inapata moto, nayo ina feni.

Mama Mkubwa: Ikiwa ina feni, iweke nyuzi 180 badala ya 200. Iache trei iwe ndani wakati oveni inapata moto, ili viazi viangukie kwenye chuma chenye joto. Changanya viazi na karoti kwenye bakuli pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, pilipili manga, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi, kwa kuwa soseji zina chumvi yake na mafuta yake yatashuka mpaka kwenye viazi. Vitunguu na hoho vitasubiri soseji.

Neema: Saa 12:15, viazi na karoti vimeingia. Vilipogusa trei vililia kama mvua kwenye bati.

Zawadi: Hamjambo nyote. Mimi nasoma kwa makini lakini sina oveni, nina jiko la meza mbili tu. Je, chakula hiki kinawezekana kwenye kikaango?

Mjomba: Kinawezekana, mama, ila uwe na kikaango kipana chenye mfuniko, na hapo mpangilio hugeuka. Anza na soseji kwa moto wa wastani na mafuta kidogo, uzigeuze kwa dakika kumi mpaka zipate rangi kila upande, kisha uzitoe zingali hazijaiva ndani na uziweke kwenye sahani yake peke yake. Mafuta yaliyobaki ndiyo utakayopikia viazi, navyo uvikate vidogo zaidi, sentimita moja na nusu. Viache vishike rangi upande wa chini, nyunyiza vijiko vitatu vya maji, funika kwa dakika kumi na mbili ili mvuke uvilainishe, halafu ufunue, maji yakauke. Rudisha soseji na vitunguu, ufunike tena kwa dakika nane hadi kumi, na umalizie kwa kufunua. Sahani uliyowekea soseji ambazo hazijaiva ioshe kabla ya kuitumia tena.

Zawadi: Ahsante sana, Mjomba. Viazi vyangu nimekuwa nikivihifadhi kwenye friji, na kila nikivikaanga huwa vyeusi upesi kabla ya kuiva. Kuna uhusiano?

Mjomba: Upo. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, na sukari huungua upesi. Vihifadhi mahali pa ubaridi wa kawaida, pakavu na pa giza, wala usivifungie kwenye mfuko wa plastiki. Pia usiviache vifike rangi nyeusi. Rangi ya dhahabu inatosha, kwa sababu viazi vinavyoungua kwenye joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo wataalamu wa afya wanashauri tuipunguze katika chakula.

Neema: Saa 12:35. Nimefungua oveni. Kingo za viazi zimeanza kuwa na rangi, lakini nikijaribu kuvigeuza vingine vimeshika kwenye trei na vinataka kukatika.

Mama Mkubwa: Usivilazimishe. Kiazi kinachokataa kutoka kinakwambia kwamba upande wa chini bado haujawa mkavu, na ukikibandua sasa ule ukoko mzuri utabaki kwenye chuma. Geuza vile vinavyokubali, vingine uviache. Panga soseji katikati yao, kisha vitunguu ulivyovikata robo robo bila kuondoa kishina, ili matabaka yake yasiachane, na hoho iliyokatwa vipande vikubwa. Kama una vitunguu saumu, tia punje nzima pamoja na maganda yake. Ukivisaga au kuvimenya sasa vitaungua na kuleta uchungu.

Neema: Je, nizitoboe soseji kwa uma? Nilifundishwa kwamba zisipotobolewa hupasuka.

Mama Mkubwa: Usizitoboe, mwanangu. Ukizitoboa, majimaji yanayoifanya nyama iwe laini humwagika yote. Soseji hupasuka zaidi kwa sababu ya moto mkali wa ghafla au kukaa ndani kupita kiasi, na leo zote mbili umeziepuka. Zigeuze mara moja katikati ya muda, kwa koleo.

Baraka: Mimi mara nyingine hununua zile soseji zilizokwisha kupikwa kiwandani. Nazo ziwekwe dakika 30?

Mama Mkubwa: Hapana. Hizo zinahitaji kupata moto na rangi tu, kwa hiyo zitie dakika 15 za mwisho. Soma karatasi ya pakiti kwanza, kwa sababu kwa macho mtu hawezi kuzitofautisha siku zote.

Neema: Saa 12:50, nimezigeuza. Upande wa chini umekuwa wa kahawia unaong'aa, na mafuta yake yametiririka mpaka kwenye viazi. Vile viazi vilivyokataa mwanzoni sasa vinatoka vyenyewe nikivigusa kwa kijiko bapa. Mwanangu mkubwa amekuja mara mbili kuuliza kama chakula kiko tayari.

Neema: Saa 1:05. Naona kama zimeiva. Nitajuaje kwa hakika?

Mjomba: Rangi ya nje inadanganya. Kama una kipimajoto cha nyama, kiingize kwenye soseji nene kuliko zote kupitia nchani mpaka katikati. Soseji ya nyama ya ng'ombe au ya nguruwe inatakiwa ifike nyuzi 71, na ya kuku nyuzi 74. Kama huna, ikate katikati uhakikishe ina mvuke mwingi na nyama imeshikana, ila kipimajoto ndicho cha kuaminika, kwa kuwa nyama iliyosagwa hubeba vijidudu mpaka ndani.

Neema: Ninacho. Nene kuliko zote imesoma nyuzi 66.

Mjomba: Irudishe trei kwa dakika tano, kisha upime tena palepale.

Neema: Saa 1:10 imesoma 73. Nimetoa trei nje.

Mama Mkubwa: Vizuri. Iache itulie dakika tano ili majimaji yatulie ndani ya nyama. Wakati huo kamua ndimu nusu juu ya viazi, au nyunyiza kijiko kimoja cha siki, kwa maana mafuta ya soseji ni mazito na yanahitaji kitu kikali cha kuyakata. Zile punje za vitunguu saumu zibonyeze zitoke kwenye maganda, uzichanganye na viazi. Na yule mdogo, usimpe soseji iliyokatwa miduara, kwa sababu kipande cha duara kinaweza kumziba koo. Ipasue kwa urefu mara mbili ipate vipande vinne vyembamba, kisha uvikate vidogo vidogo.

Neema: Nimeikata hivyo, na nimemwondolea ngozi pia.

Baraka: Tuambie, dada. Viazi vimekuwaje?

Neema: Nje vikavu, ndani laini kabisa, na vile vilivyokuwa chini ya soseji vimepata ladha ya nyama mpaka nimevitafuta kwa uma kimoja kimoja. Vitunguu vimekuwa vitamu na ncha zake zimekauka. Baba yao amechukua hoho karibu zote. Yule mkubwa, aliyeviacha viazi mara iliyopita, ameongeza mara mbili. Zimebaki soseji mbili na viazi vya sahani moja. Nifanyeje navyo?

Mama Mkubwa: Visikae mezani kwa muda unaozidi saa mbili. Vitie kwenye chombo chenye mfuniko, uviweke kwenye friji, na kesho uvipashe kwenye kikaango kikavu mpaka vifuke mvuke katikati. Trei imimine maji ya moto sasa, kabla mafuta hayajaganda.

Neema: Maji nimeshayamimina, Mama Mkubwa. Mwanangu yuko jikoni anakwangua ukoko kwenye kona kwa kijiko, na ameniomba nisiumwage kabla hajamaliza.