Naomba ushauri: kutafsiri diploma kwa viza ya masomo Uingereza

Wandugu, niko Lubumbashi, Kongo. Mdogo wangu amepata nafasi ya kusoma masta Uingereza, na karatasi zake zote ni za Kifaransa: diploma ya Leta (ya kumaliza sekondari), diploma ya lisansi (ya chuo kikuu) na releve (karatasi za alama) za kila mwaka. Masharti ya viza yanataka kila tafsiri iwe na tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano ya mtafsiri, pamoja na tamko lake kwamba ni tafsiri sahihi. Hapo nimeelewa.

Ila nimtumie nani? Hapa mjini yupo mtafsiri aliyeapishwa, lakini anatoza dola kwa kila ukurasa, na releve ni majedwali tu! Rafiki ananisukuma nivuke mpaka wa Kasumbalesa nitafute mtu Ndola, Zambia, eti Wazambia ndio wenye Kiingereza. Mimi naona nauli itakula faida yote. Kuna aliyetumia mtafsiri wa mtandaoni, viza ikatoka? Na mhuri wa notere (mthibitishaji wa hati), unahitajika kweli au watu wanatafuta tu makuta (pesa)?

Tena, pasipoti inaanza na jina la ukoo na postnomu (jina linalolifuata), diploma inaanza na prenomu (jina la kupewa). Mtafsiri apange upya au aache vilivyo? Mimi nasema aache, mdogo wangu anabisha.