Tumeuziwa kuvu kwa bei ya chakula, halafu lawama kabebeshwa dume

Wadau wa nguruwe hapa Mombasa, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Nafuga Mikindani, majike sita na dume mmoja. Huyu dume alikuwa hana mchezo: ukimletea jike tu, povu mdomoni, kazi imekwisha. Tangu mwisho wa Januari, hamna kitu. Anamnusa jike, anamzunguka, analala. Siku akijikaza akapanda, baada ya siku 21 jike yule yule yuko kwenye joto tena, yaani anataka dume, mimba haikushika. Wanne wamerudi hivyo.

Nikaenda kwa muuzaji wangu wa chakula, mtu ambaye tumejuana miaka mitatu. Akaniambia, "Dume lako limechoka hilo, liongeze chakula." Nami kama mjinga nikaongeza, kutoka kilo mbili na nusu kwa siku mpaka nne na ushei. Magunia yanatoka kwake, bila shaka. Sasa dume kawa pipa. Unamkandamiza mgongoni huupati uti, mbavu zimezama kabisa. Akipanda, miguu ya nyuma inatetemeka, anashuka anahema mdomo wazi, na lile joto la Machi mnalijua wenyewe.

Kilichonishtua ni watoto. Watatu wa kike wa miezi mitatu, hata nusu ya umri wa kupandishwa hawajafika, nyuma kumevimba, kwekundu, utadhani wako kwenye joto. Nikaita daktari wa mifugo. Hata dume hakumwangalia kwanza, alitaka gunia. Akatia mkono mpaka chini, akatoa bonge kama ngumi, akalivunja. Ndani utando mweupe wenye wekundu wa waridi, na harufu ya godauni linalovuja.

Kumbe kuna kuvu inaitwa fusariamu, humea kwenye mahindi yenye unyevu na kuacha sumu ya zearalenoni. Mwili wa nguruwe unaipokea sumu hiyo kama homoni ya kike. Majike wadogo ndio huonyesha upesi. Dume mzima huvumilia zaidi, lakini hamu inaweza kushuka na mbegu zikaharibika. Mimi juu ya hapo nikampakia mafuta! Daktari hakunificha: hawezi kusema kipi kimeharibu kiasi gani, maana hata joto la hewa peke yake, likipita nyuzi 27 hivi, hudhoofisha mbegu za dume. Sawa. Lakini joto halivimbishi nyuma ya mtoto wa miezi mitatu.

Nikarudi dukani na lile bonge kwenye mfuko. Jibu: "Hewa ya bahari tu hiyo, kaanike juani." Nianike nini? Jua litakausha unyevu, sumu iliyokwisha kuingia inabaki, hata ukipika. Na hewa ya bahari imeanza leo? Magunia yake yamelazwa kwenye saruji tupu, yameegemea ukuta unaotoka jasho. Hata vibao viwili vya kuyainua hana.

Mbegu za dume huchukua wiki sita mpaka saba tangu zianze kutengenezwa mpaka zitoke. Kwa hiyo hata nikimlisha safi kuanzia leo, na kumpunguza taratibu, kabla ya Juni simtegemei. Majike wanakula kila siku, hawajui hesabu hizo. Na jirani wa Miritini aliyeleta jike wake akalipia kupandishiwa anataka pesa yake. Ananidai mimi, si duka.

Gunia nimelifunga, silitupi. Kama umenunua chakula cha nguruwe wakubwa pande za Changamwe na Jomvu tangu Desemba, kaangalie watoto wako wa kike leo hii, kisha tia mkono mpaka chini ya gunia. Langu juu lilikuwa safi kabisa.