Nimekaa nusu saa kwenye mgahawa wa rameni (tambi za mchuzi) bila kuhudumiwa

Mgeni, Daejeon

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nina wiki ya tatu hapa Korea, nasoma lugha kwanza ndipo nianze shahada. Jana njaa ilinishika nikaingia kimgahawa cha jirani na chuo, vile vilivyobandikwa picha za vyakula ukuta mzima. Nikaketi. Akaja mama mmoja, akaniwekea kikaratasi kimejaa maandishi pamoja na kalamu, akaenda zake. Nikajua ni risiti ya aliyekaa pale kabla yangu, nikaisogeza pembeni. Dakika kumi, ishirini. Maji hakuna, kijiko hakuna. Walionikuta wakala wakaondoka. Mwisho nikainuka kimya kimya nikaenda kununua mkate.

Nilikosea wapi? Au ni rangi? Niambieni ukweli tu. Halafu mimi ni Mwislamu, na rameni naipenda. Tanga ilikuwa ni Indomie kila usiku wa mitihani.

Kaka wa Suwon

Marahaba mdogo wangu, na pole na njaa. Ubaguzi upo, tusidanganyane, lakini huu sio. Kile kikaratasi ndiyo oda yako. Unaweka tiki mbele ya unachotaka, unamrudishia. Yule mama alikuwa anakungoja wewe, na wewe unamngoja yeye!

Pale uliingia bunsikjip. Ni kama mahoteli yetu ya chai na chapati: watu wanakula haraka, bei nafuu, na hakuna atakayekushangaa ukila peke yako (kwenye nyama za kuchoma mezani wengine hukataa kuhudumia mtu mmoja). Rameni yao wanaiita ramyeon, na usitegemee ile ya Kijapani yenye tambi mbichi na mchuzi wa kuchemshwa siku nzima. Hii ni ya pakiti, ile ile ya dukani, inachemshwa jikoni na kutiwa yai na kitunguu cha majani. Mimi mwaka wa kwanza niliona nimeibiwa. Nilipe wani 4,500 kwa pakiti? Lakini jiko lao lina moto mkali, tambi zinatoka zimeiva nje na ndani bado zina ukakamavu, na chumbani kwangu sijawahi kuzipata hivyo.

Sasa vifaa. Papasa ubavuni mwa meza, chini kidogo, utakuta droo. Vijiko, vijiti vya chuma na tishu vimo humo. Vinginevyo viko kwenye kopo juu ya meza. Maji unajichotea mwenyewe; ukutani huwa wameandika "mureun selpeu", yaani maji jihudumie. Vikombe vya chuma viko kwenye kabati dogo lenye mwanga wa buluu, karibu na mashine ya maji. Usiogope ule mwanga, unaua vijidudu tu. Kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) na figili za njano (danmuji) ni bure, na zikiisha unaongezewa au unajipakulia. Ila usijaze kisahani halafu ukabakisha.

Kumwita mhudumu, paza sauti: "Yeogiyo!" Kwetu ni utovu wa adabu, hapa ndiyo kawaida. Ukishamzoea mwite "imo". Imo ni dada wa mama yako, kwa hiyo ni kama kumwita mama mdogo, na sura yake itabadilika hapo hapo.

Kulipa ni kaunta wakati wa kutoka, usingoje bili mezani. Penye mashine ya kuagizia mlangoni unalipa kabla ya kuketi, na mashine nyingine hukataa kadi za benki za nyumbani, basi uwe na noti mfukoni. Bakhshishi hakuna. Niliwahi kuacha wani 1,000 mezani, kijana akanikimbiza hadi kituo cha basi kunirudishia.

Dada wa Ansan

Assalaam alaykum. Kaka wa Suwon kaeleza vizuri lakini hilo la Uislamu kaliruka, na ndilo zito.

Mdogo wangu, usidhani ukisema "bila nguruwe" umesalimika. Kinachoelea juu unaweza kukitoa. Tatizo ni ile poda ya mchuzi. Shin Ramyun, ile chapa maarufu, inayouzwa humu nchini ina nyama ya ng'ombe ambaye hukujua kachinjwaje, na nyingine zina nguruwe ndani ya unga wenyewe. Mpishi naye hajui, anakata pakiti tu. Mimi ramyeon ya mgahawani niliiacha kabisa. Wenzangu wengine wanakula, kila mtu na dhamira yake.

Kwenye bunsikjip mimi huagiza chamchi gimbap, wali na samaki jodari vilivyoviringishwa kwa mwani. Sema mapema: "haem ppae juseyo", watoe hemu (nyama ya nguruwe iliyosindikwa), maana kwenye gimbap wanaitia hata pasipo na haja. Kisu na ubao ni vile vile, hilo ujipime mwenyewe.

Rameni pika chumbani. Ukija Seoul, pale Itaewon kwenye mtaa wa Msikiti Mkuu, ule uliofunguliwa 1976, kuna maduka ya vyakula vya halali. Au njoo huku kwetu Wongok-dong. Waindonesia wamejaa, na Indomie yako ya Tanga iko rafuni inakungoja.

Mkenya wa Busan

Mmesahau pilipili. Hii haichomi ulimini mara moja kama ile yetu ya mbuzi, inakungojea kooni. Sema "an maepge", yaani isiwe kali. Maji hayasaidii, agiza wali (gonggibap). Na wali wenyewe usiule kando: maliza tambi kwanza, kisha umwage kwenye mchuzi uliobaki. Hapo ndipo utajua hawa watu wana akili.

Ikija kwenye sufuria ya njano, mfuniko ndio sahani yako. Bakuli usilinyanyue mdomoni, wana kijiko. Vijiti usivisimamishe kwenye wali, inawakumbusha matambiko ya marehemu.

La mwisho, na hili lilinitia aibu. Mtu akikualika kwake usiku "ule ramyeon kabla hujaenda", si chakula anachozungumzia. Mimi nilimwalika mwenzangu wa maabara, dada mmoja mpole, kwa roho safi kabisa. Maabara nzima walijua kufikia asubuhi.

Kaka wa Suwon

Hahaha! Na wewe ulikuwa na pakiti mbili tayari mezani, usiwafiche.

Mgeni, Daejeon

Ahsanteni sana. Leo mchana nimerudi pale pale. Nimeweka tiki kwenye chamchi gimbap, nikasema ile ya hemu. Nadhani niliitamka vibaya, maana alinijibu kwa kuchora nguruwe kwenye kikaratasi na kumkata kwa mstari. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilipotaka maji nikamwita imo kwa sauti, meza zote zikageuka.

Alinitazama kidogo, akanikumbuka. Akaja, akavuta droo ya meza yangu mwenyewe, akanionyesha vijiko huku anacheka, kisha akanisindikiza hadi kwenye kabati la buluu.