Java 17 kwangu, Java 8 dukani, programu inagoma – naombeni ushauri
Wakuu habari za mchana, kuna mama anauza dagaa jumla hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, nimemtengenezea kiprogramu cha mauzo kwa Java (lugha ya kuandikia programu), kwenye laptopu yangu kinapiga kazi freshi ila kwenye kompyuta yake kinagoma, kinaleta UnsupportedClassVersionError, eti faili ni 61.0 na yenyewe mwisho wake 52.0. Yaani nimekompaili (kugeuza kodi iwe programu) kwa Java 17, yeye ana Java 8. Kumwekea 17 ni mtihani, mashine ni Windows 7 ya biti 32 (mashine mzee kweli ila mama ameizoea) na mfumo wake wa stoo unategemea hiyo hiyo 8. Sasa nikikompaili upya kwa --release 8 (yaani itoe faili za Java 8) inatosha, au zile maktaba nilizopakua (kodi za watu wengine ninazotumia ndani ya programu) nazo zitagoma? Maana kuna moja inataka Java 11 kwenda juu.