Nimeuziwa taa za Hiace za nchi wanakoendesha kulia, muuzaji ananiambia "Mzee, si zinawaka?"

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikirukaruka.

Mimi ni mwalimu mstaafu, makazi yangu Mikindani, Mtwara. Fizikia nimefundisha miaka 31. Sura nzima ya mwanga, kuakisiwa na kupinda kwake, naijua hata ukiniamsha usiku wa manane. Na bado kijana wa duka la spea kanipiga laki 3 na 40 mchana kweupe kwa kitu hicho hicho, mwanga.

Gari lenyewe ni Hiace ya 2005, ile bodi iliyoanza kutoka Japani 2004, ila si ya abiria. Ni ya kulala. Mjapani kaiwekea kitanda cha kukunja, sinki dogo, kabati na mapazia. Niliinunua kwa kiinua mgongo na nikachekwa mtaa mzima. Watoto wanaiita Konokono. Sawa. Mimi na mama watoto tunazunguka nayo, Msimbati baharini, Newala kwa shemeji, Kilwa, Masasi, tunapika humo na kulala humo, gesti tumezisahau. Gari la namna hii haliwezi kukwepa usiku. Utapanga kufika saa kumi jioni, lakini pancha moja tu, au shemeji akikataa usiondoke bila kula, umeshakutwa na giza barabarani.

Sasa mwaka jana vioo vya taa za mbele vilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Naviita vioo kwa mazoea, kumbe ni plastiki, polikaboneti. Haivunjiki ovyo kwa kokoto, lakini jua ni adui yake, ndiyo maana kiwandani huipaka ngozi nyembamba ngumu juu yake ya kuikinga. Ngozi ikishaliwa na jua, na jua la kwetu mnalijua, plastiki inakuwa njano, kisha inaota ukungu usiofutika hata ukiosha vipi. Mwanga unatoka kwenye balbu ukiwa mzima, unaishia kutawanyika pale pale kwenye kioo.

Nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Kijana mwenye adabu sana, tatizo halikuwa adabu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hizi taa."

Akapitisha kidole. "Hizi zimekula salfa, mwalimu."

Kwetu huku kitu chochote kikiwa cha njano basi ni salfa, kwa sababu kila msimu tunapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Nikamwambia gari hili halijawahi kulala shambani. Akasema salfa inasafiri na upepo. Nikanyamaza. Kosa langu la kwanza.

Elfu 40. Vifaa vyake: dawa ya meno, tambara, na kopo la dawa ya mbu, ile ya kujipulizia mwilini. Akapuliza, akasugua. Wakuu, ile rangi ilitoka kwenye tambara kama uji wa dona, na kioo kikang'aa kikawa kama kimetoka bandarini leo. Mama watoto akapiga picha. Mimi nikalipa nikiwa nacheka.

Wiki ya tatu kioo cha kushoto kikawa cheupe, kimejaa nyufa ndogo ndogo kama tope la bwawa lililokauka. Kumbe dawa za mbu za aina ile zinaiyeyusha plastiki. Unachokiona kinang'aa ni uso wa plastiki uliolainika ukajilaza, na ngozi ya kinga iliyokuwa imebaki nayo imeondoka. Jua linaanza kazi upya bila kizuizi chochote. Dawa ya meno yenyewe haina dhambi kubwa, ni msasa laini tu wenye harufu ya mnanaa.

Nikarudi kwake. "Mwalimu, hizo zimechoka, tuweke mpya." Akanipeleka dukani kwa jamaa yake. Taa mbili ndani ya boksi, "orijino, mzigo wa Dubai", laki 3 na 40. Nikaomba risiti, mashine haina mtandao. Nikalipa kwa simu. Fundi akafunga kwa nusu saa, na niseme ukweli, zilikaa vizuri kabisa, kila bolti imeingia mahali pake, hakuna hata uwazi wa kupitisha kucha. Mchana ule Konokono alipendeza mpaka nikaona haya kumpeleka barabara ya vumbi.

Sasa njooni usiku.

Tulikuwa tunatoka Masasi. Tumepita Ndanda, jua limezama, nikawasha. Lori la kwanza likanipiga fulu, zile taa kali za juu. Nikaangalia dashibodi, kile kitaa cha bluu cha fulu hakijawaka, mimi niko kwenye dimu, taa zimeshushwa. La pili, fulu. Basi likanipiga fulu na honi ndefu juu yake. Mama watoto ananiambia, "Baba, punguza taa." Nipunguze nini tena, nimeshapunguza! Na cha ajabu, upande wa kulia nilikuwa naona mpaka majani ya mikorosho ng'ambo ya barabara, lakini kushoto kwangu, pale wanapopita watu kwa miguu, giza kama chungu.

Kabla ya kufika Nyangao nikamkuta mzee wa baiskeli. Mzigo wa kuni nyuma, hana taa, hana hata kipande cha riflekta. Nilichoona kwanza ni kisigino chake kikipanda na pedali, kisigino tu, cheupe kwa vumbi, karibu kabisa na bampa. Nikavuta usukani kulia. Sufuria zote kabatini zikashuka chini. Mzee wa watu hakugeuka hata kuangalia, nadhani hakujua.

Nilisimama mbele kidogo, sikuweza kuendesha kwa muda. Mikono ilikuwa inatetemeka na mama watoto hakusema neno, na mkimjua mtaelewa uzito wa hilo.

Mnazi Mmoja trafiki akanisimamisha. "Mzee wangu, unawaunguza wenzako macho." Akaniandikia elfu 30. Simlaumu, alikuwa sahihi.

Kesho yake usiku nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nikaegesha gari mita 10 kutoka ukuta wa uani, sehemu tambarare, upepo wa tairi uko sawa. Nikapima kimo cha katikati ya taa, nikachora mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho hicho, na mwingine sentimita 10 chini yake. Dimu iliyopangwa vizuri mwanga wake unakatika hapo kwenye mstari wa chini, halafu kwa nchi kama yetu unapanda kidogo upande wa KUSHOTO, ili umulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu bila kumchoma macho anayekuja. Nikaziba taa moja kwa kanga, nikawasha nyingine.

Kushoto, bapa. Kulia, mwanga unapanda kama paa la nyumba.

Nikaziba ile, nikafungua hii. Vile vile.

Nikachukua tochi nikasoma maandishi kwenye kioo. Ipo alama ya E ndani ya duara, ile ya taa zilizopitishwa kwa viwango vya kimataifa. Taa yenye alama hiyo ikiwa imetengenezwa kwa nchi wanakoendesha kushoto, inawekewa mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya taa unaitazama. Ikifaa pande zote, mshale una ncha mbili. Isipokuwa na mshale, ni ya wanaoendesha kulia. Nimekagua taa zote mbili kwa tochi na miwani na kidole, mshale hakuna. Dubai wanaendesha kulia, ndugu zangu. Mzigo ni wa Dubai kweli, hapo hakunidanganya!

Japani wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana zile taa zangu za chai zilikuwa mbovu lakini zilikuwa zinaangalia kunakotakiwa. Hata ukivuka daraja pale Mtambaswala ukaingia Msumbiji, nako ni kushoto. Hizi taa hazina kwao huku kusini kote.

Nikaenda dukani. Nikamweleza yule kijana taratibu, nikamchorea na kwenye karatasi. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema:

"Mzee, si zinawaka?"

Nikasema zinawaka, ila zinamulika upande wa wenzangu.

"Sasa mzee, zinawaka, zimekaa, na zimeshafungwa. Bidhaa ikishafungwa hairudi. Sijawahi kusikia mteja mwingine akilalamika."

Hao wateja wengine, wakuu, ndio waliokuwa wananipiga fulu kila usiku nikitoka Lindi. Kila mtu anadhani mwenzake ana kiburi cha kutoshusha taa, kumbe nusu yetu tumeuziwa boksi moja.

Nikamuuliza fundi ziko wapi taa zangu za zamani. "Nilidhani huzitaki mwalimu, nikampa kijana mmoja." Kijana mmoja nikamtafuta siku mbili. Nimezikuta zinaning'inia kwenye kibanda chake, ameziandika bei kwa chokaa. Nimenunua taa zangu mwenyewe, wakuu. Elfu 50 baada ya kubembelezana. Alianzia 80.

NYONGEZA, saa tatu usiku

Nimesoma majibu. Asanteni, na nyie mnaotukana pia asanteni, nimefundisha kidato cha pili, hamnitishi.

Anayesema nishushe kwa skrubu: nimejaribu. Ukishusha unashusha vyote, ule upande unaopanda kulia haugeuki kuwa kushoto. Nilipofika kiwango ambacho malori hayalalamiki, mimi nilikuwa naona pua ya gari langu na nzige wawili.

Anayesema nibadilishe balbu, tatizo si balbu. H4, aina ya balbu ya taa hizi, ni ile ile kwa taa za huku na za kule, kinachoelekeza mwanga ni taa yenyewe. Na anayesema niweke LED nyeupe kama mchana, kaka, ile riflekta ya ndani ya taa, inayoakisi mwanga mbele, imechongwa ikijua waya wa balbu unakaa wapi, kwa usahihi wa milimita. LED za bei rahisi hazikai pale pale, mwanga unamwagika kila upande. Nitakuwa nimetoka kuchoma macho ya watu wa kulia, nachoma ya watu wote.

Wengi mmeuliza nimezifanyaje zile za zamani. Kwa ile ya nyufa nilikata tamaa, lakini nyufa nyingi zilikuwa za juu juu. Nilizungushia selotepu ya karatasi pembeni, nikakaa kwenye kigoda uani na ndoo ya maji ya sabuni. Msasa wa maji namba 600 kwanza, unasugua upande mmoja tu, usizunguke. Maji yanashuka yakiwa ya njano, mazito, yananuka plastiki. Usihame namba mpaka yashuke meupe. Mkono wangu uliuma saa nzima kwenye taa moja. Halafu 1000, unasugua kukatiza mistari ya mwanzo ili ujue imeisha, halafu 2000. Hapo kioo kinakuwa na ukungu laini sawasawa, na kila anayepita atakwambia umeharibu. Jirani yangu alisema hivyo na akakaa kabisa kungoja nilie. Baada ya hapo polishi, au ukiwa na mtu wa rangi unapita moja kwa moja kwenye kilia, ile rangi angavu ya juu ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, maana ndiyo inayorudisha ngozi ya kinga. Ukiishia kwenye polishi bila kilia, baada ya miezi michache utakuwa kwenye kigoda tena. Fundi rangi wa jirani alinipulizia kilia tabaka mbili kwa elfu 15, tukaacha kivulini siku nzima, mbali na kuku.

Gharama yote haikufika elfu 30 ukitoa kuzinunua tena. Taa ya kushoto imebaki na mikwaruzo miwili mitatu ndani ambayo haitatoka. Ukutani mwanga umekatika kwenye chaki, umepanda kushoto. Jana usiku nimeenda Lindi na kurudi, hakuna aliyenipiga fulu hata mmoja.

Lakini laki 3 na 40 yangu bado iko kwa yule kijana, na leo asubuhi nimepita pale nikaona boksi jingine la aina ile ile juu ya kaunta, mwenye Noah anahesabu hela. Nimemwambia angalie mshale. Muuzaji akanitoa dukani kwa kunishika mkono, eti nafukuza wateja. Ushahidi nilio nao ni ujumbe wa muamala kwenye simu. Kama kuna mwanasheria humu, ujumbe huo unatosha mahakama ya mwanzo au nijipange vingine?

Na kama kuna mtu yuko Kigoma mwenye ndugu Burundi, kule wanaendesha kulia. Taa mbili za Hiace zipo ndani ya boksi lake, hazina mkwaruzo. Laki 3 na 40, sishuki. Zinawaka.